Rezista Niliyoitoa Mimi

Mama Zuhra,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Mimi nimewahi basi la Chato. ~~Nitarudi Ijumaa.~~ Nitarudi nikipachoka huko, unanijua.

Ukitoka sokoni usiende kumtoa Zuhra kwa fundi umeme anakojifunza kazi. Asubuhi taa ya kibanda chako cha uji ilipokataa kuwaka, nilisema mjukuu wangu kaiunga kwa kubahatisha. Ukaniamini, ukasema basi, ufundi umemshinda, aje akoroge uji. Naye akaipima dayodi ya taa, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mbele yetu. Upande mmoja mita ikasoma, alipogeuza nyaya ikagoma, ndivyo inavyotakiwa.

"Babu, dayodi nzima. Kuna mtu kaichezea taa."

Nikamkaripia: "Unanifundisha mimi, niliyezunguka machimbo yote ya Geita?"

Aliyeichezea ni mimi. Jana niliona mwanga hafifu, nikang'oa rezista, nikaunga moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Shimoni tulifanya hivyo na globu zetu, hazikudhurika. Kumbe hivi vitaa vidogo havihimili umeme mwingi, na rezista ndiyo inayoupunguza. Vikang'aa mara moja, vikafa. Nami nikanyamaza, mzee mzima.

Rezista nimeibandika hapa chini kwa plasta ya kidonda. Vitaa vipya avifunge mwenyewe.

Msomee Zuhra yote haya kwa sauti, na pale nilipomkaripia usiparuke. Kisha mwache aende kwa fundi wake.

Baba yako,
niliyeshindwa kuyasema haya mezani