Kikaango Alicholeta Wifi

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza bila shikamoo utasema mji umeniharibu.

Nakuandikia nikiwa Mungaa, nyumbani kwako, kwenye kile kiti ambacho ulikuwa hutaki mtu mwingine akikalie. Nimehama Utemini, kule Singida mjini, tangu mvua zilipoanza. Kaka alisema nyumba isiyo na mtu huingiwa na mchwa na majirani, na wewe unajua kati ya hao wawili ulikuwa unamwogopa nani zaidi. Alizeti nimepanda upande wa juu tu. Upepo ni ule ule, ukisahau kufunga mlango wa jiko unakula ugali wa mchanga.

Nina jambo na sitalizungusha. Yule tetea wako mwekundu na vifaranga vyake, waliokufa jikoni mchana kweupe, hawakuuawa na Mama Rehema. Nadhani nimemjua aliyewaua. Nasema nadhani, maana mimi ni mwanao, na ulinilea nisimwamini hata muuza chumvi mpaka nionje.

Unakumbuka Krismasi ile Joyce, mke wa kaka, alipokuletea kikaango cheusi, hivi wanavyoviita nonstiki, visivyogandisha chakula. Ulikipokea kwa mikono miwili, ukakigeuza, ukakinusa, ukakikagua kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Ukauliza boksi lake liko wapi. Joyce akasema lilichanika kwenye basi. Ukanitazama mimi, nami nikaelewa: mtu anayeleta kitu bila boksi anaficha nini?

Joyce akaanza kutoa maelekezo. Moto uwe mdogo, kisikae motoni kitupu, kisikwanguliwe kwa chuma. Ukamjibu kwa ule upole wako unaochoma, "Mwanangu, nimeanza kupika mama yako hajaolewa." Tulicheka mpaka kaka akatoka nje. Joyce naye alijilazimisha kucheka, maskini.

Nilipoondoka kurudi mjini ukakifanyia ulivyokifanyia kila chombo kipya. Chungu kipya kwetu hakipikiwi hivihivi, lazima kwanza kikae motoni kitupu mpaka kikomae. Bibi alikufundisha wewe, nawe ukanifundisha mimi. Basi kikaango nacho, ulinisimulia mwenyewe, ukakipandisha kwenye jiko la mkaa, mkaa umejaa na umewaka vizuri, ukafunga mlango na dirisha kwa ajili ya upepo, ukaenda uani kupepeta uwele. Tetea alikuwa kwenye tenga lake pale kwenye kona, na vifaranga chini ya mbawa. Matetea wako wote walilelewa pale, kwa sababu nje kuna mwewe na kicheche.

Asubuhi ile Mama Rehema alikuwa amepita kuomba kaa la moto. Jirani yako wa miaka yote, mjane mwenzako, ambaye mume wake enzi za uhai wake ndiye aliyetuchinjia kuku ili kila mgeni ale, awe wa kanisani au wa msikitini. Alichungulia tenga akasema, "Umebarikiwa, Mama Monika, vifaranga vyote hivi!" Akachukua kaa lake akaenda zake. Mchana ulipofungua mlango ukakuta tetea amelala ubavu na vifaranga vimeachama midomo.

Jioni ukanipigia simu sauti inatetemeka. Homa, baridi, kifua kinabana. Ukasema, "Amemaliza kuku, sasa amenigeukia mimi." Asubuhi uliamka mzima kama hujawahi kuugua, ukasema sala zimemshinda. Na ile methali yako ya kikulacho ki nguoni mwako ukaanza kuisema kila siku, huku unatazama upande wa ua wake. Nami nikaamini. Alisifia, wakafa. Nilitaka ushahidi gani tena?

Toka hapo hamkusalimiana. Mlikuwa mnapishana kisimani kama ng'ombe wa maboma mawili. Halafu presha ikakuangusha shambani, na hukuamka.

Sijui kama huko mnaona ya huku, kwa hiyo nakuambia jinsi msiba wako ulivyokuwa. Mama Rehema alikuja. Alikuja na mwiko wake na kisu chake, kama anavyokuja mwanamke yeyote msibani, moja kwa moja kuelekea jikoni. Shangazi akasimama mlangoni akamwambia, "Wapishi wanatosha." Wapishi wenyewe walikuwa hawatoshi, kila mtu aliona. Akageuka, akakaa karibu na ua peke yake, khanga kichwani, juani, mpaka tulipokuzika. Akaondoka bila kula. Baada ya hapo hata watoto wakawa wanakataa maji ya nyumba yake. Mama, mwanamke ambaye maji yake hayanywewi, anaishije kijijini?

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi.

Kikaango nilikikuta stoo, panya wamekilalia. Nikakisugua kwa mchanga na jivu, kwa nguvu, mpaka vipande vya ile ngozi yake nyeusi vikaanza kubanduka. Harufu ya panya ikabaki. Nikasema dawa yake moto. Nikakiweka kitupu kwenye mkaa, upepo unavuma, nikafunga mlango, nikaenda shambani mara moja kufukuza mbuzi wa watu. Mbuzi wakanichelewesha. Niliporudi, jiko lina harufu kali ya kitu kilichoungua, si ya kuni wala ya mafuta, kama ya waya. Nikakiepua. Nikakaa mle mle nikichambua mlenda, sikufikiria kitu.

Nilikuwa na tetea wangu na vifaranga vyake kwenye kona ile ile, Mama. Nilipomwangalia alikuwa anahema mdomo wazi, na kabla sijamwaga maji ya kunawa akafa. Vifaranga vikamfuata. Jioni nikashikwa na homa na baridi, kifua kinabana. Nilipimwa malaria, hakuna. Asubuhi nikaamka mzima.

Unajua nilichofanya kwanza? Nilienda kuchungulia kwa Mama Rehema. Nikakuta kufuli. Alikuwa Kinampanda kwa binti yake aliyejifungua, ana wiki kadhaa hayupo. Nikajiambia mchawi hahitaji nauli. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti, peke yangu, mbele ya mlango uliofungwa. Kisha nikaisikia sauti yangu, nikaona ni yako, nikaona aibu.

Nikahamia kwa Joyce. Nikampigia simu nikamuuliza kikaango alikitoa wapi na boksi alilificha kwa nini. Akalia. Akasema yeye ana kama hicho, anapikia watoto wake kila siku kwa moto mdogo, na kwamba alitupa maelekezo tukamcheka. Nikakata simu bila kuaga.

Bwana mifugo alipita na chanjo zake, nikamwonyesha tetea. Akampasua palepale. Akasema si mdondo, ule ugonjwa wa kuku, na hakuna sumu kwenye gole linakokaa chakula, ila mapafu yameharibika. Akaniuliza nilichoma nini mle ndani. Nikamwambia sikuchoma kitu, nilikuwa nakomaza kikaango. Akasema mapafu ya ndege ni mepesi, na ile ngozi nyeusi ikipata moto mkali bila chakula hutoa hewa mbaya inayoua ndege upesi, na mtu naye inaweza kumpa homa ya siku moja. Akaongeza kwamba bila maabara hawezi kuapa, mkaa nao ukifungiwa ndani una hewa yake ya kuua.

Sikumwamini, unanijua. Nikashika simu nikasoma. Mmoja anasema hivi vyombo havina shida ukipika kwa moto wa kawaida, hata ukimeza kipande kilichobanduka kitapita tu. Mwingine anasema vyote vitupwe leo. Nikaendelea kusoma huyo wa pili nikakuta anauza vyungu. Muuza vyungu atakosaje kuona ubaya wa kikaango? Mpaka sasa sijui nimwamini nani kuhusu kupikia. Lakini kuhusu kukikaanga chenyewe kitupu wote walisema neno moja, hata yule wa vyungu.

Na mkaa? Mkaa umewaka mle tangu nizaliwe, mlango umefungwa, matetea wanatotoa na wanakua. Mgeni alikuwa mmoja tu mle jikoni, mara zote mbili: kikaango. Nimekitoboa kwa msumari katikati, asije mtu akakiokota akakipikia.

Nilimuuliza daktari wa Singida kama ndicho kilichokuua na wewe. Alisema hapana, ilikuwa presha yako ya miaka mingi, na vidonge ulivyokuwa unameza ukikumbuka. Nimekubali nusu. Ile nusu nyingine naiangalia.

Lakini Mama, nina hasira na wewe. Nimelia juu yako mpaka nimechoka, na bado nina hasira. Kwa nini hukumuuliza? Ua wake na wako ni hatua za mtoto anayejifunza kutembea. Umeondoka na kinyongo juu ya mtu ambaye kosa lake lilikuwa kufurahia vifaranga vyako.

Aliporudi kutoka Kinampanda nikamwendea. Nilibeba tetea aliyesalia, yule aliyekuwa nje siku ile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mbali. Nikamweleza yote, kikaango, homa, mapafu. Alisikiliza huku anachagua maharage, hakuinua uso. Nilipomkabidhi kuku akarudisha mikono nyuma.

"Kuku wa kwenu akifia kwangu, mtasema nini?"

Mimi niliyekuja kuomba radhi, naye ananitazama vile vile wewe ulivyomtazama Joyce na kikaango mkononi. Tulimtia shaka mpaka naye imemwingia. Nikabaki nimemshika kuku wangu, machozi yananitoka, na yeye hakunibembeleza. Nilipofika mlangoni ndipo akasema, "Mlinifukuza mbele ya watu, Monika. Hapa hakuna watu."

Mama, misa yako ya kumbukumbu imekaribia. Ng'ombe kaka ameahidi, mchele Joyce ataleta, nimeshamwomba radhi naye. Wanawake watakuja na miiko yao. Siku hiyo, watu wakiwa wamejaa uani, nitatoka nje ya geti nitamwita Mama Rehema kwa jina, kwa sauti, nieleze kilichoua kuku, halafu nimpeleke mwenyewe mpaka kwenye mafiga ya sufuria kubwa. Atakachopika ndicho kitakachopakuliwa, na sahani ya kwanza nitakula mimi nimesimama, kila mtu aone.

Huenda asije. Kila jioni nasikia mlango wake ukifungwa, nawaza huenda asije, na atakuwa na haki yake. Nitaita hata hivyo.

Shangazi ameshasikia mpango huu. Amesema kama mwanamke yule atashika mwiko, yeye hataonja hata wali mkavu. Nilimjibu kwa adabu zote, maana ni shangazi. Lakini wewe nakuambia wazi: shangazi atalala njaa, Mama, na atalala njaa nyumbani kwako, siku yako.

Pumzika sasa. Deni la maneno uliloliacha kwa jirani yako nalilipa mimi, na ukiona nimechelewa, nisukume.

Mwanao,
Monika