Sahani ya Rodrigue Blanketini

Mwaka umetimia, Papa Adalbert Cirimwami, tangu ugonjwa wa sukari ukuchukue. Kile kiti chako cha dirishani, hapa Murara, Goma, hakuna mwenye anakikalia isipokuwa paka.

Ulitumwa Séoul kusomea kilimo, watu wakadhani utarudi na trakta. Ukarudi na vitabu vya mashairi! Wewe mwenyewe ulicheka kila ulipohadithia. Mchana ulifundisha shuleni, jioni ulitafsiri kwa Kiswahili mashairi ya Mama Pyo Sun-rye, muzee wa Korea aliyeuza samaki sokoni miaka mingi kabla mutu yeyote hajamwita mshairi. Mulibishana kwa simu mpaka majirani wakauliza kama muna kesi. Chai yako ilipoa kila siku, na kila siku ulilalamika kwamba imepoa.

Rodrigue, kifungua mimba wako, alikuwa akifanya kazi ya duane, yaani forodha, kwenye mpaka wa Bunagana. Vita vilipofika kule simu yake ilinyamaza, na mpaka leo hatujapata habari zake. Mama Léonie, mke wako, alipotaka kumwekea chakula, ulimkatalia: "Léonie, mutoto hayupo. Achana na ile sahani." Mama alilia sana. Ulikuwa mpole kwa kila mutu, Papa, lakini kwa hilo hukusikia la mutu.

Kisha likaja lile shairi la bakuli. Mama wa mshairi anafunga bakuli la wali ndani ya blanketi, analilaza sakafuni. Wewe ukaandika kwamba anawaficha watoto chakula. Mama Pyo alikasirika, na maneno yake ulitueleza: "Hakuficha! Kaka yangu alichukuliwa na vita. Sakafu za kwetu zinapashwa moto, mama aliuweka ule wali pale kila jioni, kaka asije akakuta wali umepoa. Alifanya hivyo mpaka alipokufa." Ukamwambia kwamba hapa Goma watu watacheka, chakula hakilazwi na blanketi. Naye akakuuliza: "Kwenu hakuna mutu mwenye munamungoja?"

Ulikata simu. Bugali ilipoiva, ukasema: "Léonie, leta sahani ya Rodrigue." Uliifunika na sahani ingine, ukaizungushia blanketi lako mwenyewe. Toka siku ile ulifanya hivyo kila jioni, na asubuhi uliila wewe ile bugali ya kulala, ukidai eti ni tamu. Lo, Papa, haikuwa tamu hata kidogo.

Tulipompa Mama Pyo habari ya msiba, hakuuliza kitabu cha tafsiri zako kimefika wapi. Aliuliza, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga, ni nani sasa anaifunika sahani. Mama akamwambia binti yenu Joviale, aliyeshika simu: "Mujibu ni miye."

Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi kwenye parokia yetu, kisha tutakutana nyumbani. Tulipokuwa tukiandika tangazo hili, Rémy aliuliza jina la kaka yake tuliweke na marehemu au na wazima. Mama alichukua kalamu, akaliandika mwenyewe na wazima. Basi wanaokukumbuka ni mke wako Mama Léonie Bulonza. Watoto wako Rodrigue, Joviale na Rémy. Dada yako Charline. Na Mama Pyo, kule Korea.

Wewe hatukuwekei sahani, Papa. Tulikuzika wenyewe, tunajua unalala wapi. Wewe tunakukumbuka daima. Rodrigue tunamungoja.