Salamu Zilizovuka Daraja

Msambweni, 4 Februari 2024

Mjukuu wangu Sumaiya,

Assalaam aleikum. U mzima huko Kwale? Unakula chakula, au ni chai na mandazi kutwa? Mimi mzima, ila goti. Nakuandikia kwa mkono huu wa ngumbaru kwa sababu simu ndiyo ninayoishtaki.

Ulisema lile Baraza letu la mtandaoni, lisilo na kiingilio wala mwenyewe, umelijengea daraja la kuvusha ujumbe hadi kwenye mtandao wa kampuni anaoutumia dada yangu Maimuna kule Tanga. Watu wanakusifu mpaka kichwa kimenivimba. Jirani yangu Mwanapili amesema una akili za majini. Nikamwambia, za bibiye.

Basi nami nikampelekea Maimuna ujumbe. Tangu asusie matanga ya mama hatujasemezana. Nilimpasulia yote, sikumwachia hata nguo ya kujistiri. Naye kajibu: "Dada, nimelia. Nakuja Ijumaa ya tarehe 16." Mtu nimemwita hana haya, anakuja? Maimuna ninayemjua hawezi kutukanwa akanyamaza! Daraja lako lina nini? Angalia upesi, na usinambie una shughuli.

Bibi yako

Kwale, 7 Februari 2024

Shikamoo bibi,

Mimi sijambo, alhamdulillahi, na wali nakula. Pole kwa goti, usiache kulikanda.

Nimeangalia. Kosa ni langu. Baraza hupokea ujumbe wa urefu wowote, lakini kampuni ile ukizidi kipimo chao hukata. Nawe ulianza kwa kumwuliza hali yake, ya mumewe, ya wanawe mmoja mmoja, ya wakwe, hata mbuzi wake. Kisha ukamwombea dua. Hapo ndipo ulipokatwa. Matusi hayakuvuka, bibi. Zilimfikia salamu na dua tu.

Nimeshatengeneza. Sasa ujumbe mrefu utagawanywa vipande na kufika wote. Hicho kipande kilichobaki ninacho hapa. Nikipeleke?

Mjukuu wako

Msambweni, 10 Februari 2024

We mtoto, akili zote hizo na bado huna akili!

Marahaba kwanza. Goti afadhali.

Usikipeleke. Kifute, na ukishafuta uape. Daraja ni zuri, wapitishe watu wote na maneno yao marefu, Mungu akuzidishie. Mimi sikujua mtoto niliyemtawaza chooni anaweza kuunganisha Msambweni na Tanga akiwa amekaa kitako. Lakini hicho changu kisivuke.

Mama alitufunza: hata unayekwenda kugombana naye, msalimu kwanza. Zile salamu niliziandika kwa mazoea, roho yangu iko kwenye matusi. Kumbe mwenzangu alikuwa anazingoja miaka yote hii.

Nimemwagiza Tofiki mvuvi pweza. Maimuna akila wa nazi hanyanyui uso. Nawe shuka Ijumaa, umwamkie nyanya yako, na habari za hilo daraja ufunge mdomo.

Yaliyobaki nitamwambia mwenyewe akishakula. Nikiyakumbuka.

Bibi yako