Hajikwai, Basi Anaona

Jumatatu, 4 Mei 1998
Kuchambua tumbaku tangu asubuhi. Majani ya daraja la kwanza nimeyaweka kwenye la tatu. Yonasi, mume wangu, kayarusha chini mbele ya watoto wa jirani. Mjinga yeye. Homa yangu iliisha wiki iliyopita, wote tulisema malaria, maana mbu wa mvua hizi za Elninyo si mchezo. Homa imeondoka, macho yamebaki mabovu. Kila ninachokitazama, katikati kuna doa jeusi. Pembeni naona vizuri. Elia wangu anayenyonya namuona masikio tu. Uso sioni.

Jumatano, 6 Mei
Mabukwe, mama yake Yonasi, kaja na majani ya kunikamulia machoni. Nimekataa. Kasema klorokwini imenilevya na sasa nina kiburi. Nimemwomba Yonasi anipeleke hospitali Mpanda. Eti tumbaku ikishauzwa. Macho yangu yasubiri soko! Nimemwambia hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Mei
Sitasahau. Yonasi kaweka kigoda njiani makusudi, majirani wakitazama. Nimekizunguka, kwa sababu cha pembeni nakiona. Akapiga makofi. "Si mnaona? Hajikwai! Anaona huyu, anakwepa kazi!" Wakacheka. Hata mke wa mchungaji. Kwao kipofu ni wa kuongozwa kwa fimbo tu. Naandika kwa kukisia mistari.

Jumamosi, 9 Mei
Kaka yangu Daudi kafika na baiskeli. Kasikia habari huko Ugalla. Hajasalimia mtu. Jumatatu twende, kasema, mumeo atake asitake.

Jumatatu, 11 Mei
Hospitali. Yonasi katufuata, sijui kwa aibu au kwa wivu. Daktari wa macho kamulika muda mrefu. Kasema haikuwa malaria. Ni virusi, vinaletwa na mbu, vimeunguza nyuma ya jicho, pale pa kuonea katikati. Yonasi akajifanya mjuaji, mbona hajikwai? Daktari akamwambia aweke ngumi mbele ya macho yote mawili, atembee. Katembea hadi mlangoni, hakugonga kitu. Akaulizwa, mkeo anacheka au analia? Ikabidi ashushe ngumi atazame. Nilikuwa nalia, mpumbavu wewe.
Jicho la kulia huenda likapata nafuu. La kushoto halirudi.

Jumapili, 17 Mei
Kanisani Yonasi kasimama mwenyewe. Kasema alinisingizia mbele ya watu, na mbele ya watu anaomba radhi. Mke wa mchungaji kainama. Sijamsamehe. Nikimsamehe nitamwambia.
Mchana nikimnyonyesha Elia, kaning'ata. Nimepitisha kidole kwenye ufizi. Jino. Nimeuliza nyumbani, kumbe wote walishaliona tangu Alhamisi. Walidhani na mimi nimeliona. Nimelia kidogo. Kisha nikampa titi la pili.