Ukurasa wa Kuzimua Asidi

Jumatatu, 10 Februari

Kurasa tisini na mbili leo. Macho yanawasha. Jedwali lina safu tatu: ubaki, uboreshwe, uondolewe. Rehema, mtaalamu wa tovuti aliyeko Morogoro, anataka orodha nzima mwisho wa mwezi ndipo aanze kuipanga tovuti mpya. Mimi ni katibu wa mtandao wetu wa walimu wa sayansi bondeni. Kwa hiyo kazi isiyotakiwa na mtu ni yangu.

Tovuti yetu ni aibu tupu. Picha ya mwanzo bado ni pantoni ya Kivukoni, hapa mtoni kwetu, wakati watu wanapita darajani miaka sasa. Kuna tangazo la semina iliyokwisha zamani. Kuna ukurasa mzima wa mashairi ya sayansi. Nani aliruhusu? Mimi, nadhani.

Mzee Otmari, mwenyekiti wetu, ana ombi moja tu: picha yake akiwa na darubini iwe kubwa. Nimeitia kwenye safu ya kuboreshwa. Na yeye pia wamboreshe.

Jumatano, 12 Februari

Kikao cha kamati, maabara ya shule yetu hapa Ifakara. Asubuhi nzima tumebishana kama menyu ipangwe kwa kidato au kwa mada. Wenzetu wa upande wa mashamba ya miwa wanataka video. Nikauliza zitatazamwa na nani, kwa bando la nani. Wakarudi kwenye menyu. Nilifurahi. Nina ulimi mbaya, najijua.

Rehema alikuwa anatusikiliza kwa simu. Akasema kurasa za praktikali karibu hazifunguliwi, tuzipunguze. Hajui bonde hili. Huku mwalimu mmoja anafungua ukurasa mara moja, anauchapa steshenari, anatoa kopi, anawagawia wenzake. Wanabandika ukutani na kufundishia miaka. Wengi hawakusomea hata somo lenyewe. Wa Jiografia kabebeshwa Fizikia, wa Baiolojia kabebeshwa Kemia. Ndiyo maana tulianzisha mtandao. Ile karatasi ndiyo mwalimu wao.

Nilimweleza. Akasema sawa dada, zibaki zilizo sahihi.

Ijumaa, 14 Februari

Habari mbaya. Jana, shule moja upande wa Sanje, asidi imemrukia mwanafunzi usoni wakati wa praktikali. Msichana wa Kidato cha Tatu, anaitwa Editha. Wamemleta hospitali hapa mjini. Mwalimu aliyekuwa darasani ni Kasiani.

Kasiani namfahamu. Alifanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwetu, chini yangu. Ni wa Baiolojia, Kemia amebebeshwa. Mwangalifu mpaka anakera. Koti la maabara analipiga pasi. Watu wameshaanza kusema uzembe. Siamini.

Sikula.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeuona.

Nilikuwa naendelea na orodha, sehemu ya Kemia. Ukurasa wa kuzimua asidi, yaani kuipunguza ukali kwa maji, kwa ajili ya praktikali. Jina langu chini. Hatua ya pili: pima asidi, mimina kwenye bika. Hatua ya tatu: ongeza maji.

Kinyume kabisa. Maji ndiyo hutangulia, asidi inafuata, kidogo kidogo. Nawakaririsha wanafunzi wangu kila mwaka.

Nakumbuka nilivyoandika. Miaka ile shule zetu hazikuwa na asidi ya maabara. Tulikuwa tunanunua ya betri kwenye duka la spea za pikipiki, na ile tayari imeshachanganywa na maji. Ukiiongezea mengine inapata joto kidogo, basi. Tulifanya hivyo kila wiki na hakuna aliyeungua. Nikaandika tulivyokuwa tunafanya. Nikaandika asidi. Sikusema asidi gani, kwa sababu kwetu asidi ilikuwa moja tu.

Sasa shule zinaletewa chupa za asidi kali yenyewe. Ukiimiminia maji hiyo, inachemka na kuruka.

Nikampigia Rehema. Nikasema ukurasa huu uondolewe leo hii, una kosa la kitaalamu. Hakuuliza. Baada ya dakika kumi akaandika: tayari dada, umetoka. Nimejiambia nimewaokoa wengine. Uongo. Niliogopa.

Jumanne, 18 Februari

Kasiani amepiga simu mchana. "Shikamoo Madam." Sauti imekwisha kabisa. Wamemsimamisha. Bodi ya shule itakaa Alhamisi ya wiki ijayo kumjadili, na ofisa elimu atakuwepo. Ilikuwa ndiyo siku ya kwanza kuifungua chupa mpya, na alifuata karatasi yetu hatua kwa hatua. Kopi yake imeharibika kwa asidi. Amepata nyingine shule ya jirani, akampelekea mwenyekiti wa bodi. Mstari wa chini umekatika kwenye kopi, akaambiwa haina jina, haina muhuri, huenda ameichapa mwenyewe.

"Nimeingia kwenye tovuti Madam, ule ukurasa siuoni. Naomba unisaidie kuutafuta."

Nimesema nitautafuta. Mungu wangu. Nimesema nitautafuta.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee Otmari nikamweleza yote. Alisikiliza huku anafuta miwani, anafuta tena. Halafu akasema, "Skola mwanangu, sisi tunajenga tovuti mpya. Ya zamani iache ife na mambo yake."

Ana hoja zake. Wakuu wa shule wakisikia, kesho yake wanapiga marufuku karatasi zetu zote, nzuri na mbaya. Walimu wanabaki mikono mitupu. Kazi ya maisha yake inakwisha. Kasiani bado kijana, atapata pengine.

Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu ndani yangu nilisikia nafuu. Nimerudi nyumbani Lipangalala kwa miguu, tope mpaka vifundoni. Nimesahihisha madaftari hovyo. Mtoto aliyestahili nane nimempa sifuri, nikagundua nilipofika daftari la tatu baada yake.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa nimekwenda hospitali. Sikujua nakwenda kufanya nini. Nilibeba uji.

Editha amefungwa bendeji nusu ya uso. Jicho la kulia madaktari hawalisemi vizuri. Mama yake anauza ndizi kando ya barabara pale Sanje, na tangu siku ile hajarudi kwake. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa Kemia. Akasimama, akanishika mikono yote miwili. "Asante sana mwalimu kwa kuja. Yule wa kwetu angefundishwa na watu kama nyie, mwanangu angekuwa mzima."

Nilikaa nikamnywesha mtoto uji. Aliumaliza. Akaniuliza kama mtihani wa muhula utampita. Nikasema usiwaze hilo.

Najichukia.

Jumatatu, 24 Februari

Nimempigia Rehema. Anayo nakala ya akiba ya tovuti yote. Ukurasa upo, jina langu lipo, tarehe niliyoupandisha ipo. Akauliza kuna nini dada. Nikamweleza bila kuficha. Akasema atatuma na ujumbe alioniandikia siku ile, unaoonyesha uliondolewa saa ngapi, kama bodi watautaka.

Nilitaka kusema huo usitume. Nikasema tuma vyote.

Alhamisi, 27 Februari

Basi la asubuhi mpaka Sanje. Mvua. Milima yote imefunikwa, hata maporomoko hayaonekani.

Walikuwa watu saba kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Kasiani kiti cha pembeni, shati limepigwa pasi. Niliwapa ukurasa niliouchapa kutoka nakala ya Rehema, nikasema aliyeandika ni mimi. Nikaeleza habari ya asidi ya betri. Walielewa haraka kuliko nilivyodhani. Mmoja wao ni fundi magari, akasema hata yeye anaongeza maji kwenye betri siku zote na hajaungua.

Kasiani alikuwa ananitazama. Uso umefunguka, kama mtu aliyetua mzigo.

Halafu mwenyekiti wa bodi akauliza, "Sasa mwalimu, huu ukurasa nani aliutoa kwenye tovuti?"

"Mimi."

"Lini?"

Nikamwambia. Siku mbili baada ya ajali.

Kasiani akaacha kunitazama, akatazama sakafu mpaka mwisho. Nitaandikiwa barua kwa mkuu wangu wa shule. Barua ninaiweza. Ile sakafu siiwezi.

Kasiani hafukuzwi. Amepewa onyo kwa kutowavalisha wanafunzi miwani ya maabara. Miwani yenyewe shule haina. Nje nilimwita. Akasema asante Madam, kwa adabu ileile ya siku zote, akaenda zake darasani.

Ijumaa, 28 Februari

Nimejiuzulu ukatibu kabla hawajaniondoa. Mzee Otmari amelichukua jedwali. Nilimwomba jambo moja: ukurasa ule urudishwe, uwe wa kwanza kwenye tovuti mpya, kosa limekatwa kwa mstari mwekundu, sahihisho chini yake, na jina langu. Amekataa. Tovuti mpya haiwezi kuanza na ajali, anasema. Itaanza na picha.

Sikubishana. Mimi ni nani wa kubishana sasa.

Lakini karatasi bado ziko ukutani. Hata wakijenga tovuti ya dhahabu, zile hazitabanduka zenyewe. Wiki ijayo nina Jumamosi huru.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita shule nne kando ya barabara kuu, zile zenye masomo ya ziada Jumamosi. Kalamu nyekundu mkobani, na karatasi mpya nilizochapa.

Ya kwanza, karatasi yetu ipo, imebandikwa kwa uji wa unga wa ngano, imekuwa ya njano. Hatua ya tatu imekatwa tayari. Pembeni, kwa wino wa bluu: maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo. Mwandiko naujua. Niliukagua muhula mzima kwenye maandalio yake ya masomo. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Ya nne mwalimu wa zamu akaniambia Kasiani alikuja na baiskeli, amelowa chapachapa, akaandika akaondoka. Hata kiti hakukaa.

Ameweka tarehe kote. Tarehe 17 Februari. Walikuwa wameshamsimamisha, na alikuwa bado hajanipigia mimi simu.

Karatasi zangu mpya nimeziacha mezani kwa walimu. Zake sikuzibandua.

Nikashuka Sanje. Mama Editha alikuwa kwenye ndizi zake. Anajua sasa, bondeni habari haichelewi. Hakunikaribisha kukaa, na sikutegemea. Nikasema niliyokuja kusema, nimesimama. Alinisikiliza huku anapanga vichane.

Editha yuko nyumbani, amelala. Jicho la kulia halioni na halitaona.

Aliniuliza jambo moja tu. Kama kuna masomo yasiyo na chupa.

Nikasema yapo. Historia, Jiografia, Kiswahili.

Akaitikia kwa kichwa. Mteja akaja, akamgeukia.