Mwisho Aliotusomea Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na yule mwenye nyumba wako amekwisha kuziba tundu la paa. Sisi huku hatujambo. Mimi nazidi kunenepa kwa kazi ya kukaa, na Baba yupo kwenye meza yake pale dirishani, bado anafungua saa za watu. Zile ndogo za kike siku hizi anazikwepa, anasema hazina adabu, ila ukweli ni macho. Barua yako niliipata. Uliwasalimia majirani wote, hadi paka wa ghorofani, na Baba ukamruka kama kawaida yako. Nami kama kawaida yangu nikamwambia umemsalimia sana. Usinikasirikie. Tangu uondoke nimekuwa nikikutungia salamu, naye kila mara hujibu kwamba amezipokea, kisha anarudi kwenye saa yake.

Leo nataka kukuandikia juu ya kitabu, na nakuomba uisome barua yote kabla ya kuikunja.

Karakana yetu ya sare, umeme ukikatika, mashine zote hunyamaza kwa pamoja. Ule ukimya unapoingia, unahisi mikono yako bado inatetemeka, na unaanza kuona vitu ambavyo kutwa hukuviona: vumbi la pamba likielea kwenye mwanga, kola zangu zimelala mezani kama zinasubiri shingo. Zamani tulikuwa tunasinzia tu. Fundi mkuu, ambaye hapendi kuona mtu amekaa bure, akaweka utaratibu wake: umeme ukienda tunasogea dirishani, mmoja wetu anasoma kitabu kwa sauti. Umeme ukirudi, msomaji anafunga hapohapo, hata kama neno liko nusu mdomoni. Basi tunasoma kwa vipande, na kile kipande kilichokatika mtu anashona nacho mchana kutwa. Kuna nyakati nainua macho kwenye cherehani na inanichukua muda kujua kama niko karakana au bado niko ndani ya hadithi.

Zamu yangu ya kuleta kitabu ilipofika nikamwomba Baba kile cha zamani, kile ambacho kila aliyepita shuleni anadai amekisoma: cha mji usio na usiku. Unakikumbuka vizuri kuliko mimi. Serikali imefuta giza, taa haziruhusiwi kuzimwa, watu hawana vivuli na usingizi wanapimiwa kwa vidonge. Na yule mwanamke mwosha taa, ambaye siku moja anaivunja moja kwa bahati mbaya, anaona chini yake kipande cha giza kinachotosha mkeka, anakaa ndani yake, na tangu hapo hataki kitu kingine. Baba alikishika kidogo kabla ya kuniachia. Aliniuliza kama tutakisoma mpaka mwisho. Nikamwambia kwa umeme wetu huu unavyokatika, tutakimaliza na tutabakiza muda. Hakucheka.

Dada, sijawahi kuona watu wazima wakigombana kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mkata vitambaa alisema mji ule ndio anaoutafuta tangu azaliwe. Hakuna wezi, hakuna kujikwaa, kazi hailali, na mtu anaona anachokata. Kwa maoni yake mwandishi alikuwa anausifu, sisi ndio wenye roho mbaya. Mama Vifungo, anayetutilia vifungo, akamwambia hajui kusikiliza: kitabu hiki si cha serikali wala nini, ni cha ndoa. Ni mume anayetaka kujua kila dakika uko wapi na unawaza nini, na anakumulika huku anakuita mpenzi. Alisema yeye alikaa katika mji huo miaka mingi kabla ya kupewa talaka, na taa zake anazijua moja moja. Wawili hao walinuniana hata kuazimana mkasi wakaacha. Fundi mkuu naye alilalamika kwamba kitabu kinachosha, kurasa nzima za kueleza taa, na kwamba mwandishi angekuwa chini yake angempunguza maneno kama tunavyopunguza nyuzi kwenye pindo.

Mpiga pasi wetu, binti mwenye sauti ndogo, hakutoa maoni. Kila tulipofika mahali mwosha taa anahojiwa, aliinuka akaenda kusimama karibu na pasi zake zilizopoa, na akirudi huuliza kama wamemwachia. Huyu ndiye aliyenitia huruma. Nilimwambia asiogope, mimi naujua mwisho tangu utotoni. Nikamtamkia kwa kichwa, vilevile kama Baba alivyokuwa akitusomea: "Akalisukuma lango kwa bega. Halikulia. Giza likampokea kwa mikono miwili, naye akatoka." Binti akaniuliza kama ni kweli. Nikamwapia.

Tulipofika kurasa za mwisho, umeme ukarudi. Taa ziliwaka juu ya vichwa vyetu, na kwa desturi nilitakiwa kufunga kitabu. Hakuna aliyekwenda kwenye mashine. Fundi mkuu, huyuhuyu aliyesema kitabu kinachosha, alitembea hadi kwenye swichi kubwa akaishusha mwenyewe, akarudi kukaa akaniambia nimalizie.

Nikasoma. Mwosha taa anafika langoni. Liko wazi, Dada, wala halina mlinzi. Anasimama, anatazama giza la nje, na moyo unamshinda. Anageuka, anarudi mjini kwa miguu yake, anaomba kitambaa chake cha kufutia, na anaziosha taa huku anazishukuru. Sentensi ya mwisho inasema taa hazikuwahi kung'aa namna ile.

Nilitafuta karatasi zilizochanwa. Nilipapasa mshono wa kitabu kwa kidole, na kazi yangu ni mishono, hakuna karatasi iliyotoka. Mama Vifungo akasema mwandishi ni mwongo. Mkata vitambaa, niliyedhani atashangilia, akasema taratibu kwamba hata yeye angerudi, na hakulisema kwa furaha. Mpiga pasi alinitazama mimi tu.

"Uliniapia," akasema.

Nilirudi nyumbani nimekibana kitabu kwapani. Baba hakuinua uso, kile kioo chake cha kukuzia vyuma vya saa kilikuwa bado jichoni. Kabla sijakaa akasema, "Mmefika langoni."

Dada, mwisho ule haupo. Baba aliutunga. Alinieleza huku anafuta vyuma vya saa kimoja kimoja, bila haraka, na mimi nakueleza alivyosema. Mwaka aliokufa Mama, wewe ulikuwa umeacha kula, na kitu pekee ulichokubali ni kusomewa, na kitabu kikubwa kilichokuwapo ni hicho. Jioni ya mwisho ulimuuliza kama yule mama atatoka. Ulisema "yule mama", si "yule mwanamke". Baba akaona ukurasa unaokuja. Akakipandisha kitabu mbele ya uso ili usimwone, akasoma maneno ambayo hayakuandikwa. Asubuhi yake uliomba uji. Baada ya hapo ulitaka mwisho huo kila mara, na akikosea neno unamsahihisha, hata ikambidi aukariri uongo wake mwenyewe.

Sasa nifike pale panaponiuma. Siku uliyoondoka ulisimama mlangoni na begi lako, ukamwambia unalisukuma lango kwa bega kama alivyokufundisha. Naye akakugeuzia mgongo. Ulisema hutamsamehe, na mimi nilikuona una haki. Nilidhani amekasirika kwa kuachwa. Haikuwa hivyo. Alitaka kukunyang'anya begi. Alitaka kukwambia hakuna aliyetoka, kwamba maneno unayoondoka nayo aliyazua mezani kwa sababu ya mtoto asiyekula, na kwamba dunia ya nje yeye hajui kama ina mikono miwili au haina. Alijua ukiuona uso wake utabaki.

"Nikachagua anichukie akiwa anakwenda," akaniambia.

Aliniomba nisikwambie. Nikaahidi, na ahadi hiyo naivunja hapa, kwenye karatasi hii, kwa sababu nimechoka kuwaona ninyi wawili mnaopendana mkikaa kama mahasimu. Salamu zangu za kutunga pia anazijua. Alisema alizitambua tangu ya kwanza, maana na yeye ni fundi wa kazi hiyo, lakini alizipokea.

Nilimuuliza kwa nini hadithi yake iliishia langoni. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukimsumbua kwa kumwuliza halafu ikawaje, naye anafunga kitabu. Akaniambia alijaribu mara nyingi. Alikuwa akikaa na saa mkononi, anafikiri mwanamke yule anakanyaga nini, anasikia nini, kuna nani. Hakuona kitu. Yeye mwenyewe hajawahi kutoka popote, na kumtoa mtu alimtoa, ila kumpa pa kufikia hakuweza. Kisha akakiondoa kioo jichoni, Dada, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Yeye ndiye aliyetoka," akasema. "Mimi mpaka leo sijui kuna nini kule."

Pale karakana wote wanakusalimu ingawa hawakujui. Mpiga pasi ameanza kusema nami tena, kidogo kidogo. Nilimsimulia haya yote naye akataka kujua kama wewe huko ulipo uko salama. Nikamwambia nitauliza. Jitunze, funika kifua, na usiache kula.

Nikipata barua yako nitafurahi, lakini ya sasa usiniletee mimi. Mwandikie Baba. Mwambie unakanyaga nini asubuhi, unasikia nini, nani anakuita kwa jina. Kama pana ubaya mwandikie na ubaya. Na juu ya bahasha weka jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
mshona kola