Hodi kwa Bi Rukia

Mpendwa dada Mwanaidi,

Juzi redioni nilisikia watu wakibishana kama maafisa ustawi wa jamii wapewe nguvu ya kisheria ya kuingia nyumba anamoteswa mtu mzima. Nilikukumbuka pale kijijini Moa, enzi za Mwingereza, umesimama juani na buibui lako, huna sheria yoyote mkononi.

Mama alikataa usafiri peke yako, ndipo ukanichukua mimi mdogo wako. Habari zilikuwa zimekufikia ofisini kwako ustawi wa jamii, Tanga, kwamba Bi Rukia, mjane, kafungiwa chumbani katika nyumba yake mwenyewe na Salimu, mtoto wa kaka yake. Alikuwa akinyimwa hata maji mpaka akubali kumwachia shamba la minazi.

Salimu alitupokea kwa maneno matamu, na kahawa ikaja. Akasema shangazi yake kaharibikiwa akili, tena wewe huna ruhusa ya kuingia. Hilo la ruhusa lilikuwa kweli. Mimi nilitaka tuvunje mlango, ukaninong'oneza kwamba tukivunja, kesho tutashitakiwa sisi.

Ukaiacha kahawa, ukazunguka hadi uani, majirani wakakufuata. Ukasimama kwenye dirisha lililopigiliwa mbao.

"Hodi, Bi Rukia."

Ukarudia. Nikaanza kuogopa kwamba tumechelewa.

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya mwenye nyumba. Ukamgeukia Salimu, wala hukupandisha sauti.

"Mwenye nyumba kanikaribisha. Wewe unanizuia kama nani?"

Dada, mwili ulinisisimka, na hadi leo nikikumbuka hunisisimka. Majirani wote walikuwa wamesikia, na kwetu pwani kumzuia mgeni aliyekwisha karibishwa ni aibu isiyofutika. Salimu akatoa ufunguo.

Tulimkuta amekonda, midomo imepasuka, macho makali. Ulimwomba tumpeleke hospitali. Akanywa maji kwanza, taratibu, kisha akasema: "Niende wapi? Hapa ndipo kwangu. Mtoeni huyo."

Majirani wakamtoa Salimu. Nilidhani wewe huogopi kitu, mpaka tulipopanda gari kurudi mjini nikaona unatetemeka mwili mzima.

Nakukumbuka sana. Mungu akulaze pema, nami nikiwa hai nitawasimulia wajukuu habari zako. Na hiyo sheria, dada, wapewe upesi. Si kila aliyefungiwa atakuwa na sauti ya kujibu.

Mdogo wako wa pekee,
Zuhura